Namna ya Kuzimaliza Nishani za Babu kwa Usafi

Kazi hii hufanywa Jumamosi, mkesha wa shughuli. Kama kesho kuna arobaini, kuna wakwe wanaleta posa, au kuna mjukuu anarudi kutoka Ulaya na wenzake wenye kamera, basi saa ya kuzing'arisha nishani za babu imewadia.

Vifaa haviko mbali. Chukua majivu ya jikoni, ndimu mbili, dawa ya meno, ule waya wa kusugulia masufuria, na kopo la Brasso ikiwa nyumba ina uwezo. Jiki iwe karibu kwa ajili ya tepe. Muhimu kuliko vyote, tafuta kijana mwenye mikono yenye nguvu asiyejua babu alipigana na nani. Shangazi akichungulia na kuuliza mnafanya nini na vitu vya baba yake, mjibuni kwa heshima: "Tunavitunza, shangazi."

Anzeni na nyota. Babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, wakati wa vita vya Hitla huenda aliacha nyota za ncha sita: ile ya 1939–1945, ile ya Afrika, na kama alivushwa bahari, ile ya Burma. Zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, na kwa miaka 80 zimejifanyia utando wa rangi ya kahawia iliyokolea. Mtu wa makumbusho atawaambia kwamba utando huo ni hewa na madini vilivyokwisha kupatana, na kwamba sasa unaikinga shaba iliyo chini yake. Msimsikilize. Yeye hana wageni kesho.

Sugueni kwa kuzungusha. Dawa hizi za kung'arishia zina unga unaokwangua, na weusi mnaouona kwenye kitambaa, ambao kijana anauonyesha kwa fahari, kwa sehemu kubwa ni nishani yenyewe inahama. Taji na herufi za Mfalme George wa Sita pale katikati zikianza kulainika, mmeshika njia. Kisha ingieni kwenye Medali ya Vita, ile ya mviringo yenye rangi nyeupe ya shaba na nikeli. Upande mmoja ina simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Simba akipoteza manyoya na joka likabaki na kichwa kimoja, pumzikeni, mnywe chai.

Kama mzee ni wa vita vya kwanza, mna bahati zaidi. Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914–1918 ni ya fedha, na kwenye ukingo wake mafundi waligonga namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Maandishi ni madogo na hayana kina. Ukingo huo ndio wa kushughulikia kwa waya: baada ya dakika chache babu atakuwa askari asiyejulikana, daraja ambalo mataifa makubwa hulijengea minara.

Sasa tepe. Ule wa Nyota ya Afrika una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu wa jeshi la nchi kavu katikati, buluu nzito ya wanamaji upande mmoja na buluu nyepesi ya wanaanga upande wa pili. Ule wa Burma una wekundu katikati, na kila upande buluu iliyopasuliwa na rangi ya chungwa, ambalo ndilo jua. Roweka zote katika beseni moja. Rangi zitatembeleana, jangwa litaingia buluu, jua litazama, na yatakayobaki mtayasuuza kwa jiki. Kinachotoka ni kitambaa safi kabisa. Fundi cherehani wa mtaani ataweka kingine kutoka mabaki ya sare ya kwaya, na hakuna mgeni atakayeuliza.

Wapo wakaidi wanaofanya vinginevyo, na ni haki kuwataja ili mjue wa kuwaepuka. Hao hunawa mikono, wakaikausha, wakaishika nishani kwa ukingo tu kwa sababu jasho la vidole lina chumvi. Vumbi huliondoa kwa brashi laini, au kitambaa cha pamba kikavu. Kitu kilichonata kweli hukilainisha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni hafifu, utepe ukiwa umeshachopolewa, kisha hukausha mpaka kwenye pete ya juu. Wakiona unga wa kijani unaochanua kwenye shaba, hapo ndipo wanaposhtuka, kwa kuwa huo ni ugonjwa unaokula: huitenga nishani hiyo na nyingine, huiweka pakavu, na kumwita mjuzi wa makumbusho badala ya ndimu. Ni watu wasio na haraka, na sebule zao hazing'ai.

Kuhifadhi ni kazi fupi. Zifungeni kwa gazeti, ambalo lina asidi, mkazie kwa mpira wa kufungia noti, ambao una salfa ya kuitia fedha weusi, mkatumbukize kwenye mfuko wa plastiki usiopumua. Walio Tanga na Mombasa hawahitaji hata juhudi hiyo. Upepo wa bahari utafanya kazi usiku na mchana bila malipo. Wanaotaka ziwe ukutani wazibandike kwenye ubao kwa supagluu, mkabala na dirisha la jua la asubuhi. Pamba nyeupe iliyofuliwa, karatasi isiyo na asidi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu waachieni wakaidi.

Limebaki jambo moja la hatari, nalo ni maneno. Nyota nyingi za vita vya pili zilitolewa bila jina. Nyota ya Burma ya babu yako na ya jirani hazina tofauti, isipokuwa kuna mtu anajua. Kwa hiyo mtu huyo asihojiwe. Asiulizwe kama mzee alikuwa Uhabeshi mwaka 1941, au Madagaska 1942, au alishuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kuelekea mto Chindwin. Asiulizwe nani wa kijijini alipanda Khedive Ismail pale Mombasa, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikafa na watu zaidi ya 1,200. Ukiuliza, utaanza kuandika, na ukiandika nyuma ya picha hutapata nafasi ya kusugua.

Maswali haya pia huvuruga familia. Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma akaingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau, na upande wa pili kulikuwa na Keya wengine waliopewa medali yenye kibao kilichoandikwa "Kenya" kwa kuwawinda wenzake. Katika koo nyingine nishani za pande zote mbili zimo kwenye sanduku moja. Mgeni mtulize kwa kumwambia tu kwamba zinang'aa. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, na za kwake alizojitunukia mwenyewe zilikuwa zinang'aa kupita zote.

Mwisho ni mirathi. Nyota ya Afrika, ya Burma na Medali ya Vita zikikaa pamoja kwa mpangilio wake, mtu mwenye macho anaweza kuifuata safari ya mzee bila kuuliza njia. Kwa hiyo zigawanyeni. Nyumba kubwa ichukue Burma kwa kuwa ndiyo nzuri, ya pili Afrika, ya tatu medali ya simba. Nyumba ya nne ipewe lile kopo la biskuti zilimokuwa, pamoja na makaratasi ya mzee yaliyo ndani, cheti cha kuacha jeshi na picha moja iliyochakaa. Watalalamika kwamba wamepunjwa. Waambieni wavumilie, wao ndio wadogo.