Choo cha Taa 14

Karatasi bado iko mfukoni: choo cha nje, mita moja na nusu kila upande, taa 14. Mama mwenye duka la vifaa vya stima hapa Tala aliisoma kwa sauti, mbele ya wateja waliokuwa wakingoja misumari, kisha akaniuliza kwa upole unaouma kuliko tusi, "Kijana wangu, humo ndani mtu atakuwa anatafuta nini?"

Programu iliyotoa karatasi hiyo ni yangu. Fundi anaweka alama kwenye ramani ya nyumba, nayo inamhesabia waya, swichi na soketi. Badala ya maneno nilitumia alama za saketi, zile za kitabu cha fizikia. Taa ni duara lenye mistari miwili iliyokatana ndani. Sasa liweke pembeni juu, kulia mwa kioo cha simu, halafu uniambie mwenye simu yeyote atalidhania nini. Fundi alikwishaweka taa yake moja, akataka kutoka, akaligusa. Halikufunga kitu. Akaligusa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayebisha kwa mtu anayemdai. Kila mguso, taa. Mara 13.

Na alama zenyewe nilizipenda! Betri ni mistari sambamba, mrefu chanya, mfupi hasi. Zipange kadhaa, utamwona Volta, mvumbuzi wa betri, mwaka 1800 akirundika visahani vya zinki na fedha, kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Rezista ina lahaja mbili: Wamarekani huchora zigizaga, ilhali kiwango cha kimataifa, IEC 60617, chataka mstatili mtupu. Nilikesha nikichagua, na nyumba ya Tala haihitaji rezista hata moja. Niliiweka kwa urembo. Ethi ndiyo tamu kuliko zote: mstari unashuka hadi kwenye mitatu iliyolala, kila mmoja mfupi kuliko wa juu yake, kana kwamba stima inazama ardhini ikififia.

"Waifai yako imenyooka," fundi akasema.

Zigizaga yangu, msaidizi wake aliiita mabati. Fyuzi hakuna aliyeiulizia.

Lakini fundi huyu husoma nyumba kwa rangi za waya: nyekundu, nyeusi na kijani kwenye nyumba za zamani; kahawia, buluu, na kijani chenye manjano kwenye mpya. Duara langu ni la nini kwake? Mimi ndiye niliyekaririshwa alama hizo sekondari, nikazichora kwa rula na penseli, nikatuzwa maksi kwa unyoofu wa mistari, na hakuna siku hata moja tuliyofunguliwa soketi tuone kilichomo. Hapo sicheki.

Fundi alilipwa jioni ileile. Mimi niliambiwa, "Wewe si umechora tu? Rudi ukishatoa hizo taa."

Nilizitoa usiku huo. Kitufe kimoja sasa kimeandikwa TAA, na cha kutokea kimeandikwa FUNGA. Jana fundi kanipigia: alibonyeza FUNGA ili afunge taa ya sebuleni, na kazi ya asubuhi nzima ikatoweka.