Piano na Haki Yake ya Waya 33 Mbovu

Waheshimiwa wana Karagwe na Kyerwa, leo mmebahatika. Tatizo la piano isiyotulia sauti limewashinda mafundi wa dunia nzima kwa sababu moja: wanaifungua. Mtaalamu wa daraja langu haifungui piano, huifikiria. Chombo hiki kina vibonyezo 52 vyeupe na 36 vyeusi, jumla 88 (nimejumlisha kwa kichwa, msihangaike na kalamu), na waya zipatazo 230 zinazovutana kwa nguvu ya karibu tani 18. Nani atulie hapo? Karagwe yenyewe ilikuwa wilaya moja. Ilipofika 2012 ikatoka Kyerwa, na wala haikuwa na waya hata moja.

Wapo mafundi watakaobisha. Watasema ubao wa sauti hunywa unyevu wakati wa masika, ukavimba, waya zikakazika na sauti ikapanda; kiangazi ubao hukauka na sauti ikashuka. Wataongeza kwamba vigingi vikilegea kwenye matundu yake, waya haishiki hata ikikazwa kutwa mara tatu. Hoja hii ina kasoro kubwa: inaeleweka. Jambo linaloeleweka na muuza ndizi wa Omurushaka haliwezi kuitwa utaalamu, na mimi sikuvaa suti hii kuja kueleweka.

Ushahidi wangu ni wa hapahapa. Msafiri James Grant, aliyebaki kwa Mfalme Rumanyika akiuguza mguu huku mwenzake Speke akitangulia Buganda mwaka 1862, aliieleza nanga, ala ya muziki ya Karagwe: mti mzito uliochongwa mfano wa sinia, na uzi mmoja uliopitishwa huku na huko mara saba au nane. Katika nanga moja aliyoletewa, sauti sita kati ya saba zililingana barabara. Moja tu ndiyo iliyokosea. Wasomi wavivu huona hapo sifa ya wachongaji wenu. Mimi naona kanuni. Kosa moja kwa kila saba! Gawanyeni 230 kwa saba mtapata, kwa ukarimu wangu, 33. Basi piano ina haki ya waya 33 mbovu, na anayezikaza anadhulumu.

Nitaambiwa kwamba mpiga nanga huulinganisha uzi wake mwenyewe kabla hajaimba, hivyo kosa lile lilihitaji dakika moja na sikio zima. Hilo ni suala la mikono, nami sihutubii mikono. Nitaulizwa pia nimewahi kukaza waya ngapi. Mkunga haulizwi amejifungua mara ngapi.

Tiba, basi: waya zile 33 zisiguswe. Asiyezijua azipige zote Jumapili wakati wa sadaka; zitakazomgeuza padri shingo ndizo. Zikizidi 33, piano hiyo haijui hesabu.