Kigingi cha Mwisho

Alfajiri Digidigi alitoka kuteka maji, mitungi minne nyuma ya baiskeli, akashika ukingo wa lami ya Marereni, ile inayotoka Malindi kwenda Garsen. Kiboko akatokea nyuma na shehena ya chumvi, akapiga honi mara moja. Honi ile haikuwa ombi. Digidigi akajitupa mchangani na mitungi miwili ikapasuka. Ilikuwa mara ya tatu tangu kaskazi ianze kuvuma.

Jioni wanyama walikutana chini ya mkwaju. Twiga, fundi wa barabara, alikuja na kamba na vigingi. "Njia ya baiskeli mtapata," alisema, "ila ukingo ni mwembamba. Tukate mkwaju huu na safu ya miarobaini, njia itaingia." Kiboko alikuwa wa kwanza kumuunga mkono, na hapo ndipo shaka ilipomwingia Mzee Kobe.

Twiga hakuwa na nia mbaya. Shingo ndiyo iliyompoteza. Akiwa juu kule, mti ni doa linaloziba mchoro. Hajawahi kusukuma baiskeli saa saba mchana, lami ikitoa mvuke na upepo wa mashamba ya chumvi ukichoma macho, huku anahesabu vivuli: kutoka mkwajuni hadi mwarobaini wa kwanza, kutoka hapo hadi wa pili. Kwa Digidigi vivuli hivyo ndivyo vituo. Njia isiyo na kivuli ataiacha, arudi lamini alikozoea, kisha atasemwa kwamba alijengewa akakataa.

Kongoti, mgeni kutoka Nairobi, alikohoa. "Kwetu, mwaka 2015 jiji liliandika sera nzuri ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Miaka 5 baadaye nilikuwa nimetua juu ya mugumo wa barabara ya Waiyaki ulipopangwa kung'olewa kupisha barabara kuu mpya. Watu walipiga kelele, Rais Kenyatta akaamuru uachwe. Barabara ikajengwa na mugumo ukabaki. Lakini miti mingi mingine ya njia ile ilianguka, maana haikupata wa kuisemea."

Kitwitwi, ambaye kila mwaka hushuka kutoka Ulaya kuja kula matopeni, alisema njia za baiskeli za Uholanzi hazikuota kama nyasi. Mwaka 1971 magari yaliua huko watoto zaidi ya 400, na wazazi wakaingia barabarani kuziba njia.

Kuku aliposikia neno watoto, alisimama. Hapa Magarini bado husimuliwa jinsi Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama, mwaka 1913, alivyomwonyesha mtawala Mzungu kuku na vifaranga, akamwambia jaribu kuchukua kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, akadonolewa. "Huyo ni bibi yangu," alisema Kuku. "Wasimulizi hawakusema alikuwa na nguvu. Walisema hakuondoka."

Ndipo Mzee Kobe akaomba kamba. "Mwanangu Twiga, umepima mahali ilipo miti. Twende tukapime anapolala Kiboko."

Wakapima nyuma ya safu, kati ya miarobaini na maduka, wanapojilaza viboko mchana kutwa wakingoja zamu ya kupakia. Baiskeli mbili zingepishana pale na nafasi ya Kobe ikabaki. Nafasi haikuwahi kukosekana, ilikuwa imelaliwa.

"Njia ipite hapa," alisema Kobe, "miti ibaki kati yake na lami. Kiboko akiteleza, akutane na mkwaju kabla hajakutana na mtoto."

"Na mimi nilale wapi?" Kiboko aliuliza. Swali lilikuwa la haki, kwani naye huchoka.

"Uani kwa hao wanaokutuma chumvi. Wao wana uwanja. Digidigi hana."

Twiga alitanua miguu ya mbele kama anywavyo maji, akashusha kichwa hadi usawa wa Digidigi. Akakaa hivyo muda mrefu, akitazama majani kwa chini. Kisha akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja na kuvihamishia nyuma ya miti. Alipofika cha mwisho, mahali pake palikuwa chini ya tumbo la Kiboko, na Kiboko alikuwa amefumba macho. Twiga akabaki na kigingi mdomoni. Kuku akaja na vifaranga vyake, akasimama kando yake.