Mikono Mfukoni: Namna ya Kumlea Rubani wa Ndege ya Gramu Nane

Kabla hujanunua vijiti vya balsa, gundi au mizani, tafuta suruali yenye mifuko mirefu. Ukiamua kuwalea vijana wanaoshindana kurusha ndege ndogo ndani ya ukumbi, mifuko ndiyo utakayoihitaji kuliko vifaa vyote, maana hakuna kinachoziharibu ndege hizi kama mikono ya mtu mzima. Kiyoyozi huzimwa. Mlango hufungwa. Lakini mtu mzima mwenye nia njema, aliyeona bawa limepinda kidogo na vidole vinamwasha, huyo hana swichi.

Ndege zenyewe ni za shindano liitwalo Wright Stuff, mojawapo ya mashindano ya Science Olympiad, ambayo yamekuwa yakizikutanisha shule za Marekani tangu mwaka 1984. Wanafunzi wawili hujenga ndege ya vijiti vya balsa na utando mwembamba wa plastiki, wakaiendesha kwa kitanzi cha mpira kilichosokotwa. Hakuna injini, hakuna betri, hakuna rimoti. Ikishaachiwa hewani hakuna anayeruhusiwa kuiongoza. Huzunguka ukumbini yenyewe, na mshindi ni yule ambaye ndege yake imekawia zaidi kutua. Kanuni hubadilika kila shindano linaporudi kwenye ratiba, lakini uzito wa chini wa ndege kwa kawaida ni gramu 7 au 8, na mpira mara nyingi hauzidi gramu 2. Karatasi moja ya A4, ile ya kawaida ya kutolea kopi, ina gramu 5. Shika mbili mkononi: umebeba ndege na mpira wake.

Kanuni zinataka ndege ijengwe na wanafunzi wenyewe, na mwamuzi ana haki ya kuwauliza imejengwaje na inafanyaje kazi. Kwa hiyo ukimjengea mtoto ndege nzuri, umempeleka kwenye mtihani ambao majibu yake umebaki nayo wewe nyumbani. Hilo la kanuni ni dogo. Kubwa ni kwamba ndege ya aina hii hairuki vizuri siku ya kwanza, wala ya pili. Inataka kurekebishwa kwa vipimo vidogo mno, nusu milimita hapa, chembe ya udongo wa kufinyangia kwenye pua pale, na anayeweza kufanya hivyo ni yule tu anayejua kwa nini kila kijiti kipo mahali kilipo. Ujuzi huo hauingii kichwani mwa mtu kwa kutazama mgongo wa mlezi aliyeinamia meza.

Anza na mizani. Nunua ile ndogo ya sonara, inayosoma sehemu ya mia ya gramu, uiweke mezani bila hotuba. Kisha mimina fungu la vijiti vya balsa, vyote vya ukubwa mmoja, uwaambie wavipime kimoja kimoja na kuandika uzito juu yake kwa penseli. Watagundua kwamba vijiti viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kupishana uzito karibu mara mbili. Waambie sasa wavikunje taratibu wasikie kipi kigumu na kipi legevu. Kilicho chepesi na kigumu kinafaa mti mkuu wa ndege, unaobeba mvutano wote wa mpira. Kilicho legevu kinaweza kwenda kwenye mkia. Mbinu zote za ujenzi zimejaa kwenye michoro na vitabu, lakini mkono wa kijana uliokwisha kujua balsa kwa kuigusa hauhitaji tena kuambiwa.

Ndege yao ya kwanza itakuwa nzito. Gundi ndiyo itakayoifanya nzito, kwa sababu kila kijana huamini kwamba tone moja likishika, matone matatu yatashika zaidi. Iache iwe nzito. Waipime, waandike, wairushe hivyo hivyo, waione ikizunguka mara chache na kushuka. Wakimaliza watakwenda wenyewe kuitazama ile gundi, na ndege ya pili itajengwa kwa tone linalochukuliwa kwenye ncha ya kijiti cha meno. Mlezi anayeipokonya ndege ya kwanza ili aikwangue kwa wembe, aokoe gramu moja, amewanyima somo ambalo lingewafaa msimu mzima.

Mchezo huu ulianza kwa vitu vya kuchezea, na vilivyovunjika vilikuwa na kazi yake. Mwaka 1871 Alphonse Pénaud, kijana wa Kifaransa aliyekuwa na umri wa miaka 21, alirusha katika bustani ya Tuileries mjini Paris ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Ilikaa hewani sekunde 11. Mwaka 1878 askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, aliwaletea wanawe helikopta ndogo ya mpira iliyotokana na kazi ya Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliichezea mpaka ikavunjika, kisha wakajitengenezea nyingine. Kila ninapoona mzazi anakimbilia kuunga kijiti kilichokatika, nawakumbuka wale watoto wawili.

Sasa tuje kwenye mpira, maana hapa ndipo utakapoihitaji mifuko kuliko kawaida. Kusokota kunataka watu wawili. Ncha moja ya kitanzi hutundikwa kwenye kipima nguvu ya msokoto, ambacho ni waya mwembamba wenye mshale. Ncha ya pili inakaa kwenye ndoano ya mashine ya mkono, ambayo mpini wake ukizungushwa mara moja ndoano inazunguka mara 15. Mwenye mashine anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mpira umevutika mara tano ya urefu wake au zaidi. Umepakwa silikoni, unateleza na kung'aa chini ya taa za ukumbi. Anaanza kuzungusha, mwenzake anahesabu kwa sauti. Wakifika kama nusu, mwenye mashine anaanza kusogea mbele polepole huku mkono haupumziki. Ndipo mafundo yanapojipanga, kwanza safu moja iliyobanana, halafu safu ya pili inayojiviringa juu ya ile ya kwanza. Mshale unapanda. Mizunguko imepita 1,000. Mwenye mashine anamtazama mwenzake: tuongeze hamsini, au imetosha?

Usijibu. Hata wakigeuka wakakutazama wewe, usijibu.

Mpira ukikatika, hukatika kwa mlio wa kofi na vipande vikaruka. Ndiyo sababu wanavaa miwani ya kinga, na ndiyo sababu husokota mbali na ndege, wakaupachika baadaye. Kwenye mazoezi waache waukate mmoja kwa makusudi, wakihesabu hadi mwisho, ili wajue mpaka wake uko wapi. Wakishaujua, wataamua wenyewe kusimama kwenye asilimia 90 hivi ya idadi hiyo. Kijana ambaye hajawahi kukata mpira atasokota kwa woga siku ya shindano, na woga huo utaonekana kwenye saa ya mwamuzi.

Kuna kitu kingine ambacho huwashangaza wote. Baada ya jasho hilo la kusokota, warushaji wazoefu hurudisha nyuma mizunguko kadhaa kabla ya kurusha. Mpira uliojaa hutoa nguvu kubwa kwa kitambo kifupi mwanzoni, kisha ukatulia kwenye nguvu ya wastani kwa muda mrefu, kisha ukafifia. Ule mwanzo ukiachwa wote, ndege hupaa mpaka kwenye vyuma vya paa. Na kanuni hazina huruma kwa ndege iliyokaa juu ya chuma au kwenye ringi ya mpira wa kikapu: mabawa yakiacha kubeba uzito wa ndege, saa inasimama. Ustadi ni kuifikisha karibu na paa bila kuligusa, na mizunguko mingapi irudishwe inategemea urefu wa ukumbi wa siku hiyo. Ukumbi wa leo si wa wiki ijayo. Hapo ndipo daftari linapoingia.

Daftari la safari ni sehemu ya shindano lenyewe, na timu isiyo nalo hupoteza alama. Lakini hata kama lisingetakiwa na mtu yeyote, ningelidai. Kila safari iandikwe: uzito na urefu wa mpira, mizunguko iliyosokotwa, iliyorudishwa, kipimo cha mshale, ndege imepanda hadi wapi, imekaa muda gani, na mizunguko mingapi imebaki ilipotua. Hilo la mwisho vijana hulidharau, nalo ndilo lenye siri. Ikiwa mizunguko 1,200 imetumika kwa sekunde 120, propela imezunguka mara 10 kwa sekunde. Ukiipata propela inayotosheka na mara 8, mizunguko ile ile inakupa sekunde 150. Msichana mmoja aliyekuwa akidai hesabu si za kwake alipoiona hesabu hiyo kwenye mwandiko wake mwenyewe, alikwenda moja kwa moja kutengeneza propela nyingine. Sikumwambia kitu.

Mazungumzo ya ukumbini, kwa timu yenye watoto wa familia zinazosema Kiswahili nyumbani, huenda hivi:

"Anko, imegoma."

"Imegomaje? Imezama, au imefanyaje?"

"Imenyanyua pua, ikasita, ikatumbukia. Halafu ikarudia."

"Tangu safari ya jana mmebadilisha nini?"

Kimya. Daftari linafunguliwa. Wamesogeza bawa mbele, na wakati huo huo wamebadilisha mpira. Mambo mawili kwa mpigo, kwa hiyo hakuna anayejua lipi limeinyanyua pua. Mimi najua kwamba bawa likisogezwa mbele pua hunyanyuka. Najua pia kwamba nikilisema, kesho watakuja na swali jingine badala ya jibu. Basi nauliza: "Mkirudisha kimoja tu, mtarudisha kipi?" Wanabishana. Wanarudisha bawa. Ndege inapanda vizuri, na kuanzia hapo hawabadilishi mambo mawili kwa safari moja.

Vijana wa umri huo wana mengine pia. Watakosa mazoezi kwa sababu ya mtihani, au ya rafiki aliyenuna. Wawili wa timu moja watagombana, na kila mmoja atakuja kwako peke yake kukueleza kwamba mwenzake hasokoti vizuri. Wabadilishe kazi: msokotaji awe mrushaji, mrushaji awe msokotaji, kwa wiki nzima. Walishe. Kijana mwenye njaa hawezi kungoja gundi ikauke. Ila chakula kiliwe mbali na meza, na mikono ioshwe kwa sabuni, maana kidole chenye mafuta kikigusa ule utando, utando unanasa na kuchanika.

Siku ya shindano wewe ni mtazamaji. Wanafunzi wana dakika 8 za kusokota, kujaribu na kurusha, na safari rasmi hazizidi mbili. Mlezi hukaa jukwaani na wazazi. Usipige miluzi, usiwaonyeshe ishara. Mkanye yule baba anayetaka kukimbia pembeni ya uwanja akipiga video, kwa sababu mtu mzima anayekimbia anaburuta hewa nyuma yake, na ndege hii inaisikia. Ikikwama kwenye ringi, vuta pumzi ukae. Wakitoka, uulize swali moja: "Mmeandika?" Pongezi na pole zifuate baada ya hapo.

Mmoja kati yao ataonja na kutaka zaidi. Huyo mwonyeshe ndege za daraja la kimataifa la F1D. Bawa lake halizidi sentimita 55, ndege nzima bila mpira inaweza kuwa na gramu 1.4, mpira gramu 0.4, na mtu mwenye mkono mzuri huikalisha hewani zaidi ya dakika 20. Huko inaruhusiwa kuisogeza ndege kwa puto lililofungwa kwenye uzi ili isigonge ukuta, kazi inayotaka mkono mtulivu kuliko wa fundi saa. Mashindano ya dunia yamefanyika zaidi ya mara moja ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic nchini Romania, chini ya ardhi, mahali ambapo hewa imetulia, na mwaka 2018 yalifanyika chini ya kuba la hoteli ya West Baden Springs huko Indiana, lililojengwa mwaka 1902 likiwa na upana wa mita 60 hivi. Vijana wa hadi miaka 18 wana taji lao la dunia. Asiambiwe kwamba ni mbali. Mizani, wembe na daftari alivyonavyo ndivyo vinavyotumika na mabingwa pia.

Msimu ukiisha, ndege zitundikwe darasani juu ya vichwa vya wanafunzi wapya, zile nzito za mwanzo zikiwa karibu na zile nzuri, kila moja na uzito wake umeandikwa. Mpira uliobaki usiachwe juani wala karibu na dirisha, maana mwanga na joto huuchosha. Uoshwe silikoni, ukaushwe, utiwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, uandikwe tarehe na kuwekwa kwenye friji. Wa nyumbani waambiwe mapema kwamba si tambi.