Jinsi ya Kung'ara Kigoma na Kuzimika Kariakoo

Mwongozo huu ni wako, mwalimu, kama msimu umekwisha, timu yako ya mkoani imeshika nafasi ya nne, na simu yako imeanza kupigwa na namba usizozijua, zote za Dar es Salaam, zote baada ya saa nne usiku. Usizime simu. Ila usipokee kabla hujamaliza kusoma.

Nakuandikia kutoka Kigoma kwa sababu huku ndiko mwisho wa reli. Treni ikifika hapa haina pa kwenda tena, inageuza tu. Weka hilo akilini.

Kwanza pata timu ya ukubwa wa kati. Mashujaa yetu ni mfano mzuri: timu ya jeshi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, na nyumbani kwake ni Uwanja wa Lake Tanganyika. Timu ya jeshi haikupi kazi ya kumfundisha mtu kuwahi mazoezini. Halafu kuna umbali. Mgeni akija kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam anakula zaidi ya kilomita 1,200. Hata akipanda ndege, joto la Kigoma linampokea mlangoni kabla ya kamati ya mapokezi.

Ukishapata timu, achana na vitabu vya ukocha. Nenda mwalo wa Kibirizi ukawaulize wavuvi wa dagaa wanavyofanya kazi. Mvuvi wa dagaa hafukuzi dagaa. Anatoka jioni, anasubiri giza liive, anawasha taa, anakaa kimya juu ya maji. Dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga, wanajaa, yeye anainua wavu. Basi.

Mbinu yako yote ndiyo hiyo, na ukiulizwa na mwandishi wa habari iite falsafa. Simba au Yanga ikija Kigoma inakuja na mabeki wa pembeni wanaocheza kama mawinga na viungo wasiotaka kurudi nyuma. Waachie mpira. Panga wanne nyuma, watano mbele yao, na kijana mmoja mwenye mbio asimame peke yake karibu na duara la kati kama mtu aliyesahauliwa na basi. Wapige pasi, wasogee, wajae nusu yako yote. Wakishajaa, inua wavu: mpira mmoja mrefu, kijana anakimbia, uwanja mzima unasimama.

Usiku wa dagaa wengi kuliko wote ulikuwa tarehe 9 Aprili 2024, ingawa mechi haikuchezwa gizani. Simba ilikuja Lake Tanganyika kwenye hatua ya 16 bora ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani. Kwenye benchi lao aliketi Abdelhak Benchikha, mtu ambaye mwaka mmoja nyuma alibeba Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, tena mbele ya Yanga kwenye fainali. Dakika 90 zikaisha 1-1. Penalti: Mashujaa 6, Simba 5. Mwezi huohuo haujaisha, Benchikha akaaga, kwa sababu za kifamilia kama taarifa ilivyosema, na hata kombe la Muungano alilolibeba siku moja kabla halikumzuia. Sisi wa vijiwe vya kahawa vya Mwanga, hapa Kigoma, hatuna neno na familia ya mtu. Tunasema tu kwamba alipita Kigoma.

Kuna jambo jingine la wavuvi ambalo ni la muhimu kuliko wavu. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Wanashona nyavu, wanalala, wanacheza bao. Hakuna anayemwita nahodha wa mtumbwi kwenye kikao cha dharura amweleze kwa nini mwezi ulikuwa mpevu. Timu ya kati nayo ina mbalamwezi zake. Unaweza kukaa mechi tano bila ushindi, ukafungwa Dodoma, ukatoka sare Mbeya, na ukirudi Jumatatu muuza samaki wa Katonga anakufungia migebuka miwili na kukwambia, "Mwalimu, pole na safari." Hiyo ndiyo siri kubwa ya mafanikio yako, na kwenye mkataba haimo.

Sasa pokea simu.

Watakwambia wamevutiwa na nidhamu ya timu yako. Kubali haraka, usiulize maswali, hasa usiulize ni nani anayesajili. Ukifika utawakuta wachezaji wameshasajiliwa. Mmoja ni chaguo la kiongozi fulani, mwingine ni zawadi ya tajiri kwa mashabiki, wa tatu alipokewa uwanja wa ndege kwa ngoma, kwa hiyo hawezi kukaa benchi hata akiwa na malaria. Kumi na moja wako wa kwanza wameshapangwa mjini. Wewe unaletewa wakiwa wamevaa.

Ukitaka uharibikiwe kwa uhakika, endelea kufanya kilekile kilichokupeleka huko. Wengi wanadhani kocha wa mkoani anashindwa Kariakoo, kwa Simba na Yanga, kwa sababu ya presha. Presha ipo, lakini sababu ya kwanza iko chini kwenye majani. Huko ulikotoka wenye timu kubwa walikuja kwenye taa yako. Sasa wewe ndiye timu kubwa, na hakuna anayekuja. Wote wamekaa kwao, wanne nyuma, watano mbele yao, na kijana mmoja mwenye mbio amesimama karibu na duara la kati. Kila wiki unakutana na wewe mwenyewe, na wewe mwenyewe ni mgumu kufungika. Unaambiwa ukavue dagaa mchana, kwa mikono, mbele ya watu 60,000 wa Uwanja wa Mkapa, na mbalamwezi si udhuru.

Hesabu zake ni hizi. Msimu wa 2023/24 Yanga ilichukua ubingwa kwa pointi 80 katika mechi 30. Maana yake msimu mzima iliacha pointi kumi. Simba na Azam walipata 69 kila mmoja, na Msimbazi, kwa Simba, kulikuwa kama kuna msiba. Mwalimu, wewe pointi kumi ulizoea kuziacha kabla ya mvua za vuli.

Usije ukaniambia ni suala la jina au uzoefu. Mchukue Abdallah Kibadeni. Mwaka 1977 alifunga mabao matatu peke yake Simba ilipoipiga Yanga 6-0. Mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF akiwa kocha. Kama kuna mtu duniani asiyeogopa Kariakoo, ni huyo. Msimu wa 2012/13 akiwa na Kagera Sugar, timu ya kati hasa, aliiweka nafasi ya nne. Simba ikamrudisha nyumbani. Oktoba 20, 2013, Yanga iliongoza 3-0 mpaka mapumziko, na Kibadeni akaitoa timu chumbani ikarudisha yote matatu, 3-3, moja ya dabi ambazo watu bado wanazisimulia wakiwa wamesimama. Mwaka haujaisha, ajira ikaisha. Kwa Kagera, kurudisha matatu mbele ya Yanga kungempatia sanamu pale Bukoba. Kwa Simba ilikuwa ni sare.

Wazungu nao wameufuata mwongozo huu bila kuusoma. David Moyes aliishi Everton miaka 11 kwa heshima, akapewa mkataba wa miaka sita Manchester United mwaka 2013, akaumaliza ndani ya miezi kumi. Kuna mechi yake moja na Fulham, timu iliyokuwa inashuka daraja, ambayo vijana wake walipiga krosi zaidi ya 80 kwenye boksi lililojaa kama daladala ya saa kumi na moja jioni. Ikaisha 2-2. Huo ni uvuvi wa mchana.

Kama wewe ni mzawa, mwongozo una ukurasa wako peke yako, nao una neno moja: kaimu. Mtazame Juma Mgunda. Aliifikisha Coastal Union fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 2022 pale Arusha, wakabanana na Yanga 3-3 mpaka penalti zikawatenganisha. Septemba Simba ikamwita kushika timu kwa muda. Akaiingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akatoka 1-1 na Yanga. Januari akaletwa Robertinho, Mbrazili, Mgunda akasogea kiti cha pembeni. Benchikha alipoondoka Aprili 2024, nani aliyeitwa? Tairi la spea halilalamiki, mwalimu. Linakaa chini ya gari, linakula vumbi, na siku ya pancha wote wanakumbuka jina lake. Selemani Matola naye, aliyeifikisha Lipuli ya Iringa fainali mwaka 2019 baada ya kuitoa Yanga nusu fainali, ameijua vizuri sana njia ya kutoka kiti cha msaidizi kwenda kiti cha mbele na kurudi.

Mimi binafsi nadhani Mgunda alionewa. Lakini huu ni mwongozo wa kushindwa, haki si sehemu yake.

Angalia pia ulimi wako, maana maneno yanabadilika maana njiani, nadhani karibu na Tabora. Kigoma ukisema "tunawaheshimu wapinzani" ni adabu. Kariakoo ni woga. Kigoma "sare ya ugenini si mbaya" ni busara. Kariakoo ni ushahidi, na kuna mtu anairekodi. "Vijana wamejituma" huku tunaitikia kwa kupiga makofi. Kule wanauliza: vijana gani?

Sehemu ya kusimamia mazoezi nimeiruka makusudi, hakuna kocha wa timu kubwa aliyefukuzwa kwa sababu ya mazoezi.

Bado unataka kwenda? Basi nikupe ushauri mmoja kutoka kwenye ardhi yetu: ukija Kigoma kwenye fainali, fungwa. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho iliwekwa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, mji ukajaa hadi watu wakalala kwa jamaa wa jamaa zao Ujiji. Yanga wakabaki kumi baada ya Mukoko Tonombe kula nyekundu kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili kona ikapigwa, Taddeo Lwanga akaruka, kichwa, 1-0. Didier Gomes akainua kombe, Nasreddine Nabi akashuka kichwa chini. Oktoba hiyohiyo Simba ikafungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika, Gomes akaondoka. Nabi aliyefungwa Kigoma akabaki, akachukua ubingwa 2022, akauchukua tena 2023, akacheza fainali ya Afrika.

Hatua ya mwisho itakuja yenyewe, siku ratiba ikikurudisha huku. Utashuka kwenye basi lenye kiyoyozi. Mzee wa kahawa aliyekuwa akikukopesha kashata atakuamkia kwa jina la timu yako mpya, hatakwambia mwalimu. Utaketi benchi la wageni, ambalo hukuwahi kujua kwamba jua la saa kumi linalipiga usoni. Dakika ya 70 bado 0-0, vijana wako wamepiga kona kumi na nne. Beki wa kushoto wa Kigoma ataanguka mwenyewe, akishika mguu, misuli imembana. Mwamuzi atakimbilia kule. Jukwaa lote la wageni litapiga kelele kwamba anadanganya.

Unajua anadanganya. Ameshika mguu wa kulia, kama ulivyomwelekeza, kwa sababu ule wa kushoto ndio uliokuwa unaanza kuonekana na waamuzi.