Sifa za Gesi Inayokohoza

Miongoni mwa vitu vinavyolaaniwa katika Kivu Kaskazini, pengine hakuna kilichoonewa kuliko dioksidi ya salfa, yaani gesi inayozaliwa pale atomu moja ya salfa inapoungana na mbili za oksijeni, ambayo volkano za Nyamulagira na Nyiragongo huitoa kwa wingi, huku wakazi wa Butembo na Beni, walio mbali kaskazini, wakiijua zaidi kwa harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa.

Kwanza gesi hii ina adabu. Mazuku, kama watu wa Goma wanavyoiita kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni, huua bila rangi wala harufu. Dioksidi ya salfa, ingawa ni nzito kuliko hewa mara mbili na zaidi, huwasha macho na kukwaruza koo mapema, kama muungwana asiyeingia kwa watu bila kupiga hodi. (Wenye pumu, ambao hodi yenyewe huwaangusha, wana haki ya kutoshiriki katika sifa hizi.)

Lakini fahari yake kubwa ni njaa. Salfa yake haijashiba oksijeni: inazo atomu mbili na nafasi ya tatu ingali wazi, hivyo ikipewa muda hewani hugeuka trioksidi ya salfa, nayo ikikutana na maji huwa asidi ya salfuriki, ndiyo maana mvua ya karibu na volkano huunguza majani ya maharage na kula mabati.

Huko Beni njaa hiyohiyo ni mali. Mkulima huchanja papai bichi likiwa mtini, utomvu mweupe ukachuruzika na kuganda, kisha ukakaushwa kuwa papaini, unga wenye kimeng'enya, yaani protini inayovunja protini nyingine, ambao ng'ambo hulainisha nyama na kuizuia bia isiingie ukungu inapopozwa. Nguvu ya kimeng'enya hicho hutegemea atomu moja ya salfa, na oksijeni ikiiwahi, unga hupoteza makali na bei yake pamoja. Kwa hiyo watengenezaji wa papaini huongeza metabisalfaiti ya sodiamu, chumvi itokanayo na dioksidi ya salfa, ambayo huidaka oksijeni njiani. Salfa yenye njaa humkinga ndugu yake kwa kula kilichokuja kumla, wala haidai mgawo katika mauzo.

Ikishibishwa kiwandani, gesi hii huishia kuwa asidi ndani ya betri za malori yanayotoka Kasindi kwenda Butembo. Njaa imekwisha, ukali umebaki: tone likidondokea suruali ya fundi, maji hukauka kwanza, asidi ikakolea na kuivunja pamba polepole, na tundu halijitokezi mpaka siku ya kufua, wakati lawama zote zinapoiangukia sabuni.