Sarakasi ya Karanga

Mzazi wa Ruponda anayetaka kumpeleka mwanawe kwenye makumbusho ya historia ya sarakasi atahitaji nauli ya kumeza korosho za misimu kadhaa, maana mojawapo ya yale mashuhuri yako Baraboo, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ushauri wangu ni kwamba asihangaike. Sarakasi ya kutosha ilichezwa hapa hapa Nachingwea, kilichokosekana ni jengo la kuihifadhi. Likijengwa, wa kwanza kuingia wawe watoto, pamoja na fujo zao zote.

Ushahidi upo. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliazimia kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, yakiwemo maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sarakasi nyingine zina tembo. Hii ilikuwa na vifaru, tena vya kivita, aina ya Sherman, vilivyogeuzwa matrekta. Kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukazing'ang'ania karanga, hazing'oki. Sisi wa kusini tukajengewa reli kutoka Mtwara, na bandari yake, kwa ajili ya shehena ambayo haikufika. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951, karanga zilizonunuliwa kwa mbegu zilikuwa nyingi kuliko zilizovunwa, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni.

Utaambiwa watoto hawawezi makumbusho. Ni kweli: mwelezaji akianza tu kutaja tarakimu, mmoja anabanwa na mkojo, wa pili ameshapanda trekta na hashuki, wa tatu amekula karanga ya maonyesho, na mama yake anamwomba mlinzi radhi. Lakini huyo wa tatu ndiye pekee aliyeelewa karanga ni ya nini. Wakubwa hutikisa vichwa, wakapiga picha, wakaondoka. Mtoto huuliza, "Karanga zenyewe ziko wapi? Mbona wazee wa hapa hawakuulizwa? Pesa alilipa nani?" Maswali hayo matatu yangeulizwa London mapema, hazina yao ingepona.

Wengine watasema si vema kumwonyesha mtoto kushindwa, atakidharau kilimo. Mtoto wa mkulima hana haja ya makumbusho ili ajue kwamba mvua hukosa na mbaazi huliwa na wadudu. Asichokijua ni kwamba hata wenye mashine, ramani na mihuri hukosea, tena kwa kiwango kisichowezekana kwa jembe la mkono.

Pingamizi moja nalikubali: kuuita mradi ule sarakasi ni kuwavunjia heshima wanasarakasi. Tangu Philip Astley alipoanzisha sarakasi ya kisasa London mwaka 1768, mchezaji hujifunza kwanza kuanguka chini kabla ya kupanda juu, na kamba huijaribu kabla ya kuuza tiketi. Wakubwa wa karanga waliita watazamaji kwanza, shamba la majaribio hawakulipa nafasi. Kwa hiyo mlangoni pawekwe kibao cha kuwaomba radhi wanasarakasi wote. Kiingilio kwa watoto kiwe bure. Kiongozi mwenye mpango mkubwa mezani alipe nauli na tiketi, na asiruhusiwe kuingia bila kuongozana na mtoto wa miaka sita mwenye ruhusa ya kuuliza lolote.